Mkono Usio na Mpigo

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea nakuomba ufanye jambo moja dogo. Chukua vidole viwili vya mkono wako wa kulia uviweke kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole gumba. Usibonyeze sana. Tulia kidogo. Je, umesikia kitu kikidunda du, du, du? Huo ni mpigo wa moyo wako uliosafiri ndani ya mshipa mpaka hapo. Sasa badilisha, upime mkono wa pili. Kama pande zote mbili zinadunda sawasawa, mshukuru Mungu kisha usome makala haya hadi mwisho. Shangazi yangu alikuwa na mkono mmoja usiodunda, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi siisifu hii, lakini ilitunyea nyumbani kwetu na ndiyo maana naandika.

Yaliyompata shangazi

Shangazi ni dadake baba, kitinda mimba wao. Wakati huo alikuwa na miaka 29. Kazi yake ilikuwa kuuza ndizi hapa Busia. Alfajiri alikuwa akivuka upande wa Uganda, ananunua mikungu, anaipakia kwenye mkokoteni, na kufikia saa mbili tayari ameketi kwenye nafasi yake sokoni. Alikuwa mtu wa mzaha na mwenye nguvu kama trekta.

Halafu akaanza kudhoofika. Kila jioni alipata kahoma kadogo. Viungo vikamuuma. Nguo zikaanza kumpwaya. Akapimwa malaria mara tatu, akameza dawa za malaria, akameza za taifodi, hali ikawa ni ile ile. Baadaye mkono wa kushoto ukawa unachoka ovyo. Akianika nguo kwenye kamba ilimbidi aushushe kwanza upumzike ndipo aendelee. Akisimama ghafla aliona kiza. Siku moja akapimwa presha, kwa mkono huo huo wa kushoto. Ikasoma 90 kwa 60. Akaambiwa presha yake iko chini kidogo, anywe maji ya kutosha na ale vizuri. Akarudi sokoni.

Asubuhi moja mwaka jana alikuwa akimrudishia mteja chenji. Sarafu zikamponyoka mkono wa kulia. Alipoinama kuziokota akaanguka. Mdomo ulipinda upande mmoja. Alitaka kusema, lakini maneno yakatoka kama ya mtoto anayejifunza kuongea.

Hapo ndipo kesi ilipoamuliwa bila hakimu. "Huyu hana presha, juzi tu alipimwa," akasema mmoja. "Na msichana mdogo hivi anapooza namna gani? Hii si ugonjwa ya hospitali. Hii ni mkono ya mtu." Na mtu akapatikana upesi. Kulikuwa na bibi mmoja mzee waliyeuza naye ndizi, na siku mbili kabla ya hapo walikuwa wamegombania nafasi ya kuweka meza. Ikawa basi. Shangazi alipelekwa kwa mganga, akakaa huko siku nne. Akachanjwa chale, akafukizwa moshi, na kuku wawili wakaenda.

Siku ya tano alikuja nyumbani mama mmoja jirani yetu, muuguzi mstaafu. Aliketi kando ya kitanda, akaushika mkono wa kushoto wa shangazi kama unavyoshika wewe sasa. Akanyamaza. Akahamisha vidole, akanyamaza tena. Kisha akamwambia baba, "Mwanangu, huu mkono hauna mpigo. Achana na hayo mengine yote. Tafuta gari sasa hivi."

Baba aliuza fahali. Shangazi akapelekwa hospitali hapa Busia, na kutoka hapo akapewa rufaa kwenda Eldoret, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Huko daktari alipima presha kwenye mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ulisoma 88 kwa 60. Mkono wa kulia, ule uliopooza, ulisoma 176 kwa 100! Mtu ni yule yule, dakika ni ile ile. Daktari akamwambia baba kuwa mkono wa kushoto ulikuwa ukiwadanganya. Damu haikuwa ikiufikia vizuri kwa sababu mshipa wake ulikuwa umevimba na kuziba. Mshipa mwingine unaopanda shingoni kwenda kwenye ubongo nao ulikuwa umepata ugonjwa huo huo. Hicho ndicho kilicholeta kiharusi.

Kiharusi ni nini?

Wengi wetu hudhani kiharusi ni ugonjwa wa mkono na mguu, kwa kuwa ndivyo vinavyolegea. La hasha! Kiharusi ni ajali ya ubongo. Hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka na damu kumwagika ndani. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi huongoza usemi pia. Ndiyo maana shangazi alipooza mkono wa kulia akapoteza na maneno.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4 hivi, yaani karibu asilimia 2 tu ya mwili. Lakini peke yake hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Ni kama mtoto mdogo nyumbani anayekula kuliko baba. Ubaya wake ni kwamba hauna ghala. Hauwezi kuweka akiba ya kesho. Damu ikikatika, seli zake huanza kufa kwa dakika. Imekadiriwa kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, karibu seli milioni 2 za fahamu hufa kila dakika moja.

Wenzangu mnaotoka Malaba mtanielewa haraka. Mnakumbuka Januari 2022? Uganda ilitaka madereva wa trela wapimwe Korona mpakani kwa kulipia, madereva wakagoma, na foleni ikarefuka kwa makumi ya kilomita upande wetu wa Kenya. Haikupita muda Kampala ikaanza kukosa petroli, bei ikapaa. Kampala yenyewe haikuwa na kosa. Petroli nayo ilikuwako, imejaa tele kwenye matangi ya trela hapa hapa barabarani. Ila haikufika. Basi ubongo ni Kampala, mshipa wa shingo ni barabara ya Malaba, na trela ni damu. Damu inaweza kuwa nyingi na nzuri mwilini, lakini njia ikiziba, mwenye kuumia ni yule aliye mwisho wa barabara.

Mshipa unapovimba

Sasa tuje kwenye kiini cha mada. Mishipa inayotoa damu moyoni ina ukuta wa tabaka tatu. Ukuta huo hujinyoosha na kurudi kila moyo unapopiga, kama mpira mzuri. Katika baadhi ya watu, ukuta wenyewe huvimba na kuwaka. Madaktari huita hali hiyo vaskulitisi, yaani mchochota wa mishipa ya damu.

Ni nini huuwasha? Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe. Kinga ni kama askari wa lindo. Kazi yao ni kukamata vijidudu wageni. Lakini siku nyingine askari hukosea, wakaanza kuwapiga raia wa hapa hapa wenye vitambulisho. Huingia ndani ya ukuta wa mshipa wakaushambulia kana kwamba ni adui. Kwa nini hukosea hivyo, sayansi haijapata jibu kamili.

Mshipa uliovimba unaweza kuleta kiharusi kwa njia nne.

Kwanza, njia hupungua. Ukuta unaponenepa, nafasi ya kupita damu inabaki ndogo. Ni kama vibanda vinavyosogea barabarani kutoka pande zote mbili mpaka gari haliwezi kupita.

Pili, damu huganda. Ndani ya mshipa mzima ni laini na kunateleza. Ukivimba huwa na mikwaruzo, na damu ikikutana na mikwaruzo hufanya kazi yake ya kawaida ya kuganda, kama inavyoganda ukijikata na wembe. Bonge hilo likichomoka husafiri mpaka kwenye mshipa mwembamba wa ubongo, likakwama huko.

Tatu, ukuta hulegea. Umewahi kuona tyubu ya baiskeli ikitokeza kupitia tairi lililochanika? Hapa kwetu, ambako baiskeli za kuvusha watu mpakani ndizo zilizozaa jina la bodaboda, kila mtu ameiona. Mwendesha baiskeli mwenye akili hushuka upesi, maana anajua kishindo kinakuja. Mshipa nao hutuna hivyo, na ukipasuka ndani ya kichwa ni kiharusi cha kumwaga damu.

Nne, presha hupanda. Uvimbe ukikamata mishipa inayopeleka damu kwenye figo, figo hudhani mwili mzima umepungukiwa na damu. Hutoa kemikali za kupandisha presha. Presha hiyo nayo huugonga ubongo. Hivi ndivyo mgonjwa anavyoweza kuwa na presha ya 176 huku mkono uliofungwa mshipa ukisema 88.

Takayasu alikuwa nani?

Ugonjwa wa shangazi huitwa Takayasu, jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu. Mwaka 1908 alieleza mbele ya madaktari wenzake habari za mwanamke kijana ambaye mishipa midogo ndani ya macho yake ilikuwa imejizungusha kwa namna ya ajabu. Wenzake wawili waliokuwa kwenye mkutano huo wakasema wao pia wamewaona wagonjwa wa aina hiyo, na kwamba hao hawakuwa na mpigo kwenye vifundo vya mikono. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia ugonjwa wa kukosa mpigo.

Hushika mshipa mkuu unaotoka moyoni, uitwao aota, pamoja na matawi yake makubwa yanayokwenda mikononi, shingoni na kwenye figo. Huanza sana sana kabla ya miaka 40, na wagonjwa wengi mno ni wanawake, kama wanane au tisa katika kila kumi. Kati ya walio nao, mmoja au wawili katika kila kumi hupata kiharusi, au kile kiharusi kidogo kinachokuja na kuondoka kwa dakika chache. Mwanzoni huja na homa, uchovu, kukonda na maumivu ya viungo. Niambieni, ni nani hapa Busia akipata homa na uchovu hafikirii malaria? Mimi pia ningefikiria malaria.

Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walipoweka alama za kuutambua ugonjwa huu, mojawapo ilikuwa tofauti ya presha ya zaidi ya 10 kati ya mkono wa kulia na wa kushoto. Alama hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji mkanda ule ule wa kupimia presha ulioko hata kwenye zahanati, ufungwe mara mbili badala ya mara moja.

Sitaki kumtisha mtu. Takayasu ni ugonjwa wa nadra, na ukiwa na homa leo bado ni vizuri upimwe malaria kwanza. Ila dawa zikishindwa mara ya pili na ya tatu, tuulize ni nini kingine.

Magonjwa mengine yanayovimbisha mishipa

Takayasu si peke yake. Kule Ulaya ya Kaskazini kuna uvimbe wa mishipa ya kipaji unaowapata watu wa zaidi ya miaka 50. Huleta maumivu ya kichwa pembeni na ya taya mtu anapotafuna, na unaweza kupofusha. Kwetu Waafrika ni nadra. Kuna pia lupasi, ambao huwashika wanawake vijana zaidi na huweza kuvimbisha mishipa na kuifanya damu igande upesi.

Kwetu sisi wa mpakani yako mengine ya karibu zaidi. Kifua kikuu kikipanda kwenye utando wa ubongo huvimbisha mishipa iliyo chini ya ubongo na kuleta kiharusi. Kaswende isiyotibiwa hufanya vivyo hivyo baada ya miaka. Mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayotoka upande mmoja wa mwili, ukitokea karibu na jicho huongeza hatari ya kiharusi katika miezi inayofuata. VVU navyo huharibu kuta za mishipa na kufungua mlango kwa hayo mengine.

Hili la VVU si maneno matupu. Utafiti uliofanywa Blantyre, nchini Malawi, ukatangazwa mwaka 2016, ulikuta kwamba kwa watu wote kwa jumla presha ndiyo iliyoongoza kuleta kiharusi, lakini kwa wale wa miaka 45 kurudi chini VVU ndivyo vilivyotangulia. Kwa hiyo kujipima mapema na kumeza ARV kila siku ni kuukinga ubongo pia.

Na yule anayesema kiharusi ni ugonjwa wa wazungu na wazee wenye vitambi, mwambie habari za Tanzania. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi mahali pawili: wilaya ya Hai, kijijini chini ya Kilimanjaro, na Dar es Salaam mjini. Walipolinganisha kwa kuzingatia umri, Hai ilikuwa na karibu wagonjwa 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam karibu 316. Kiharusi kiko kwetu, mjini na kijijini. Presha ndiyo inayoleta vingi zaidi, na mishipa iliyovimba huleta vile vinavyotushangaza, vya watu wadogo.

Dalili na la kufanya

Sisi wanachama tumetunga neno la kukumbukia dalili. Neno lenyewe ni UMMA.

U ni Uso. Mwambie atabasamu. Je, mdomo umepinda upande mmoja?

M ya kwanza ni Mkono. Mwambie anyanyue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka wenyewe?

M ya pili ni Maneno. Mwambie aseme sentensi fupi. Je, maneno yanakokota, au hayaeleweki?

A ni Anza safari. Hata ukiona dalili moja tu, anza safari ya hospitali. Tazama saa na ukumbuke dalili zilianza saa ngapi, maana hilo ndilo swali la kwanza la daktari. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na ni lazima ubongo upigwe picha kwanza ili ijulikane kama ni kuziba au ni kupasuka. Shangazi alifika hospitali siku ya tano.

Mkiwa njiani msimpe chakula wala maji, kwa kuwa koo linaweza kuwa limelegea akapaliwa. Msimpe aspirini kwa kubahatisha, kwa kuwa kama ni mshipa uliopasuka mtazidisha damu kumwagika. Akipoteza fahamu mlazeni ubavu. Dalili zikipotea njiani msigeuze bodaboda mkarudi nyumbani. Hicho kiharusi kidogo ni hodi ya kikubwa.

Na kwa mtu ambaye hajapatwa na kiharusi, je? Mjue mtu wa kumpeleka akachunguzwe: kijana mwenye homa na uchovu wa wiki nyingi zisizopona, mkono unaochoka upesi kuliko mwingine, kizunguzungu, macho yanayofifia mara kwa mara, mpigo wa mkono mmoja ulio hafifu, au presha zisizolingana. Usione haya kumwambia muuguzi, "Naomba unipime na mkono wa pili." Si utovu wa adabu.

Matibabu

Ugonjwa huu una dawa. Kazi ya kwanza ni kuwatuliza wale askari waliokosea. Dawa inayotumika sana ni prednisoloni, na baadaye huongezewa nyingine kama methotreksati ili prednisoloni ipunguzwe. Presha hutibiwa kando. Wengine hupewa aspirini kidogo kila siku kwa amri ya daktari, na wengine hufanyiwa upasuaji wa kupanua mshipa au kuupitishia damu njia nyingine.

Dawa hizi zina masharti. Prednisoloni ikitumiwa muda mrefu haikatizwi ghafla, kwa maana mwili huwa umeacha kujitengenezea ya kwake na mtu anaweza kuanguka. Hupunguzwa kidogo kidogo. Huweza pia kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa, na kwa kuwa inapunguza kinga, mgonjwa akipata homa asikae nayo nyumbani. Uso wa shangazi ulivimba ukawa mviringo, na watu wakaanza kusema sasa amenenepa, aache dawa. Alikataa kuacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikwisha kuuona ukuta ukibomoka.

Hivi sasa anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia unashika kikombe. Maneno yamerudi, ingawa huyatafuta kwanza kabla ya kuyatoa, na mizaha yake huchelewa kufika lakini hufika. Amerudi sokoni, anauza akiwa ameketi. Mpigo wa mkono wa kushoto haujarudi. Daktari alieleza kuwa mshipa ukishapata kovu, dawa huzuia usizidi, lakini kovu hubaki. Tungewahi mwaka ule wa homa za jioni, pengine mambo yangekuwa mengine.

Yule bibi

Nilitaka kumalizia hapo, lakini ningekuwa nimeficha jambo. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, na mficha kosa pia.

Yule bibi aliyesingiziwa alikaa wiki saba bila mtu kununua ndizi zake. Meza yake ilisukumwa mpaka mwisho wa soko. Mjukuu wake husoma shuleni humu, darasa letu. Tulikuwa tukikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Wiki ile mimi nilihama dawati. Sikusema neno. Nilibeba vitabu vyangu nikaenda kukaa nyuma, naye akanitazama tu.

Baba aliporudi kutoka Eldoret na karatasi yenye jina la ugonjwa, alichukua jogoo akaenda mpaka kwa yule bibi. Nilikwenda naye. Baba alisema, "Mama, tumekukosea. Ilikuwa ugonjwa." Bibi alipokea jogoo, akatukaribisha chai, kisha akauliza jambo moja tu: "Na yeye, anaweza kula mwenyewe sasa?" Jumatatu nikarudi dawati langu la zamani. Nimemwomba mwenzangu ruhusa ya kuandika haya naye akanipa, akasema niandike bila majina.

Hapa Busia tunao ukumbusho wa jambo hili. Alupe, ambako leo kuna chuo kikuu na kituo cha utafiti cha KEMRI, zamani palijulikana kwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Ukoma nao uliitwa laana, na watu walifukuzwa makwao kwa ajili yake. Leo hutibiwa kwa vidonge vya miezi 6 au 12, na mtu akarudi kwake. Ugonjwa usiojulikana jina hutafutiwa mchawi, na mchawi huyo mara nyingi ni mama mzee asiye na wa kumtetea.

Tamati

Jumatano iliyopita, katika mkutano wa chama, tulipimana mpigo sote, mikono yote miwili. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kulikuwa na kicheko kingi, hasa mwalimu wetu mlezi alipokosa kuupata wake mpaka mwenzangu wa dawati moja akamwonyesha mahali pa kuweka vidole. Hakuna aliyekutwa na tatizo.

Sasa ndugu msomaji, ukifika nyumbani leo jioni, mshike mama mikono. Mshike baba, shangazi, na nyanya. Ukikuta mkono unaonyamaza, usimtafute mtu wa kulaumu. Tafuta gari.